Chupa Iliyosimama Sebuleni

Wanangu mnaoingia kazi ya mvinyo, niwaanzie na jambo ambalo hamtalipenda: sehemu kubwa ya kazi hii ni kukaa bila kufanya kitu. Chupa unailaza, unaiacha. Unapita, unaiangalia, unaenda zako. Kama wewe ni mtu wa mikono isiyotulia, kasuke nywele au kapike maandazi, kuna riziki huko pia. Ghalani utazigusagusa chupa mpaka uziharibu, halafu utasema mvinyo ni mbaya.

Mimi kwetu Bukoba, na kinywaji tulichokulia ni rubisi. Bibi yangu alisifika kwa rubisi yake. Ndizi zikishakamuliwa na mtama ukishatiwa, watu wanaanza kupitapita karibu na nyumba wakijifanya wanatafuta mbuzi. Rubisi ikiiva inanywewa, na ikichelewa inakuwa kali, inamwagwa. Hakuna mtu Bukoba aliyewahi kumwekea mjukuu wake rubisi. Kwa hiyo nilipopata kazi katika mgahawa mmoja wa Randburg, huku Johannesburg, kwanza ya kufagia, halafu ya kusaidia kule chini ghalani, na nikaambiwa kwamba ile mivinyo myekundu ya Australia iliyolala ukuta wa nyuma haitafunguliwa leo wala mwaka huu wala pengine na sisi, nilidhani wananitania kwa kuwa ni mgeni.

Aliyeniambia hivyo ni Oom Hennie. Oom ni neno la heshima kwa mwanamume mzee kwa wenzetu wa lugha ya Kiafrikaans, na yeye alikuwa amezaliwa mashambani kule Cape, katikati ya mizabibu. Alikuwa mfupi, mkali, na kofia yake ya sufu hakuivua hata Januari. Ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua, isipokuwa subira. Hiyo nilikuja nayo mwenyewe, maana nilishalea watoto wanne.

Somo lake la kwanza halikuwa na mvinyo ndani yake. Alinipeleka sokoni Newtown, tukazunguka tukinusa vitu. Mkanda wa ngozi, tumbaku, boga bichi na boga lililokaa, kahawa, mdalasini, nguo za mitumba. Wauzaji walituangalia kama wendawazimu. Alisema pua ya kila mtu ni nzuri, tatizo ni kwamba watu wananusa bila kukumbuka. Ukishakumbuka, mdomo utapata neno lenyewe.

Nami neno langu la kwanza lilikuwa mkaratusi. Alinimiminia kidogo kutoka kwenye chupa ya zamani ya Australia, nikanusa, na mara nikaona mikaratusi nyuma ya kanisa letu nyumbani, na majani yake tuliyochemshiwa tukiwa na kikohozi. Nikamwambia, nikijua atanicheka. Alicheka kweli, mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza kwamba mti huo asili yake ni Australia, na mashamba mengi ya mizabibu kule yamezungukwa nao, na harufu yake huingia kwenye zabibu. Basi tangu siku hiyo nikaacha kutafuta maneno ya watu wengine. Ukinusa mfuko wa ngozi wa babu yako, sema mfuko wa ngozi wa babu yako.

Onjeni asubuhi, kabla ya kula, kabla ya chai ya tangawizi. Msijipulizie manukato. Mimina kidogo, inamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe, angalia ukingoni. Mvinyo mchanga una zambarau ukingoni. Uliozeeka vizuri unaelekea rangi ya tofali. Ukiona rangi ya chai iliyopoa, anza kuandaa pole. Nusa kabla hujautikisa, halafu tikisa, nusa tena. Weka mdomoni, uzungushe, uteme kwenye ndoo. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza, mbele ya watu, kama ni kweli ninalipwa kwa kutema mate. Nikamwambia ni kweli, na kwamba yeye anatema bure kila Jumapili akiwasema watu. Tulikosana kidogo, tukapatana.

Mvinyo mwekundu wa Australia wa kuwekwa, ule mzito, ukiwa mchanga ni kama mtoto wa kiume wa miaka kumi na sita: nguvu nyingi, hakuna adabu. Unakaza ulimi kama ndizi mbichi. Ukilala mahali pazuri, ule ukakasi unalainika, matunda yanakuwa kama yamekaushwa, inakuja ngozi, inakuja tumbaku, na mkaratusi haupotei. Mahali pazuri maana yake giza, ubaridi usiobadilika, na utulivu. Na chupa ilazwe ili mvinyo uguse kizibo, kwani kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia, na hewa ndiyo muuaji.

Hapo ndipo Johannesburg inapotupa kazi. Majira ya baridi hewa ya huku inakausha midomo, inakausha visigino, itashindwa na kizibo? Oom Hennie aliweka mabeseni ya maji sakafuni na magunia yaliyoloweshwa. Baadaye ikaja mashine ya kupoza na kuleta unyevu, tukaona tumemaliza shida. Halafu ukaja mgao wa umeme, mashine ikanyamaza, na mimi nikarudisha magunia. Umeme ukikatika msifungue mlango wa ghala kwenda kuangalia kama ubaridi upo. Upo, mpaka wewe ufungue mlango.

Chupa ya zamani ina mashapo chini yake. Mara ya kwanza nilipoyaona nilisema chupa imechafuka, nikataka kuirudisha. Hayo siyo uchafu, ni mvinyo wenyewe umeketi. Isimamishe siku moja au mbili kabla ya kuifungua ili mashapo yatue, kisha mimina polepole kwenye jagi la kioo huku mwanga ukiwa chini ya shingo ya chupa. Ukiona wingu jeusi linakaribia shingoni, acha. Oom Hennie alitumia mshumaa, mimi natumia tochi ya simu, na mashapo hayajalalamika.

Lakini hata yeye alikosea. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kula chakula cha jioni, naye kwa kutaka kuonyesha mambo akaumimina mvinyo mkongwe kwenye jagi tangu mchana, ati upate hewa. Mvinyo mchanga unapenda hivyo. Mkongwe unakuwa na pumzi chache tu, na zote zilitoka wakati sisi tunapanga vijiko. Wageni walikunywa kitu kisicho na harufu wala kauli, wakasifu kwa sababu walikuwa watu wa adabu. Oom Hennie alikaa ghalani, kofia mkononi, akasema tumewafungulia maiti.

Siku hizi Waaustralia wengi wamehamia kwenye kifuniko cha kuzungusha, hata kwa mvinyo wa kuwekwa. Oom Hennie alisema ni kifuniko cha sosi. Mimi sina ugomvi nacho. Nimeonja ya kifuniko na ya kizibo ya umri mmoja, na ya kifuniko ilikuwa na afya kuliko mimi. Ila kuna wateja wanaotaka kusikia ule mlio wa kizibo, na mteja akitaka mlio mpeni mlio.

Sasa niwaambie habari ya Bwana Mwepu, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika haya.

Mwepu ni Mkongo wa Lubumbashi, mhandisi wa migodi, anaishi hapa Randburg. Alisomea Australia. Alipomaliza masomo, mwalimu wake alimpeleka kwenye shamba la mizabibu, na mwenye shamba akamuuzia chupa mbili za mvinyo mwekundu akimwambia zitaishi muda mrefu, azitafutie siku. Mwepu akazipatia siku palepale. Moja akampelekea kaka yake Lubumbashi, Mzee Kabange, aliyemlea baada ya baba yao kufa. Ya pili akabaki nayo. Wakaahidiana kwamba mtoto wa kwanza katika nyumba zao atakapochumbiwa, watazifungua pamoja. Ya Mwepu ililetwa kwetu ghalani, nami niliitunza miaka yote hiyo, ukuta wa nyuma, chini kabisa, mahali penye ubaridi kuliko pote.

Halafu mama yao akafa, na Mwepu hakwenda kuzika. Alikuwa na sababu zake za kazi, alinieleza, sizirudii hapa kwa sababu hata yeye mwenyewe alipokuwa anazieleza alikuwa anaangalia chini. Kaka yake akaacha kupokea simu zake. Miaka ikapita hivyo.

Ukafika wakati wa binti wa Mwepu kuchumbiwa. Kwa watu wa kwao, ujumbe wa posa haupokewi na baba wa binti. Anaupokea baba mkubwa. Kama baba mkubwa yupo hai na hakuketi, watu wa upande wa pili wanajua nyumba hiyo imepasuka, na wanaweza kurudi na vitu vyao. Mwepu akatuma wazee wa kanisa lao wakamwombe kaka yake. Mzee Kabange akajibu kwamba atakuja, atafikia kwa rafiki yake mtaa wa Mayfair na si kwa mdogo wake, na kabla hajakubali kuketi mbele ya wageni wowote, kwanza wafungue zile chupa.

Mwepu alinieleza hayo akiwa ameshika meza. Aliogopa. Alisema wageni wanakuja Jumamosi, na kama mambo yakiharibika kwa chupa, kaka yake atapanda ndege na kuondoka. Tukapanga wafungue Ijumaa asubuhi, mgahawa ukiwa bado umefungwa.

Mzee alipofika Mayfair alimtanguliza yule rafiki yake alete chupa siku mbili kabla, kama nilivyoagiza, ili itulie. Nilipoitoa kwenye shuka aliyoifungia, nilijua. Karatasi yake ilikuwa imepauka mpaka herufi hazisomeki, ishara ya jua. Mvinyo ulikuwa umeshuka kutoka shingoni mpaka chini ya bega. Kizibo kilikuwa kimezama. Nikauliza ilikuwa inakaa wapi, na yule rafiki akanijibu kwa fahari: sebuleni kwa Mzee, Lubumbashi, ndani ya kabati la vioo, imesimama katikati, juu kabisa, karibu na picha ya arusi. Kitu cha thamani kwetu kinawekwa wapi kwingine? Bukoba nako seti nzuri ya vikombe inakaa kabatini mpaka mwenyewe anazikwa bila kuinywea. Mzee aliiheshimu chupa ile kwa heshima yote tuliyofundishwa, na heshima ndiyo iliyoiua.

Wanjala, mhudumu wetu, Mkenya mwenye akili za haraka, aliona uso wangu akanipa wazo. Tufungue ile ya Mwepu jikoni, tumimine kwenye jagi, tuseme ndiyo ya Mzee. Nani atajua? Nikamwambia yeye ameishi huku mpaka kasahau kwao. Tangu lini mtu wa kwetu akanywa kitu ambacho hakikufunguliwa mbele ya macho yake? Hata soda unaifungua mezani, kizibo kinaanguka mbele ya mgeni, ndipo anapokunywa. Mzee Kabange angetaka kuiona chupa yake, kizibo chake na mkono unaomimina. Na hata kama asingetaka, pua yangu inalipwa iseme, hailipwi inyamaze.

Ijumaa wakaja. Mzee alikuwa mrefu, suti ya kahawia, viatu vinang'aa. Hanywi pombe, ni mtu wa kanisa, lakini alisema kwa sababu ya ahadi ataonja. Yeye na mdogo wake walisalimiana kwa mikono kama watu waliokutana benki. Nikaweka chupa zote mbili mezani, na ya mgeni ndiyo inayotangulia, hiyo haina mjadala.

Kizibo kilivunjika vipande, nikakitoa kwa taratibu. Nikamimina. Rangi ya chai iliyopoa. Nikanusa: siki, na gundi ya fundi viatu, na nyuma yake matunda yaliyooza. Hapakuwa na mkaratusi tena. Wote wawili walikuwa wananitazama mdomoni. Nikasema, "Mzee, pole. Huu umekufa."

Kama Mwepu angenyamaza, pengine mambo yangepita. Lakini hofu ilimfanya aongee. Akaanza kumweleza kaka yake habari za jua, za vioo, za kizibo kukauka, kwamba alimwambia tangu mwanzo ailaze gizani, kwamba mtoto mdogo angejua. Akaniomba nimwonyeshe ile ya kwake, jinsi ilivyojaa mpaka shingoni. Niliinyanyua kidogo tu nikairudisha. Mzee Kabange alisimama, akafunga kifungo cha koti. Nikaona Jumamosi inaondoka mlangoni.

Lakini hakuondoka. Aliongea akiwa amesimama, bila kupandisha sauti, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi.

"Miye niliitiya mu vitrine juu kila mugeni aione. Batu banaingia, banauliza, ile chupa ni ya nani? Minasema, ya ndogo yangu Mwepu, iko Johannesburg, ni enjeniere. Hata ile myaka tulikuwa hatusemeshane, nilisema vile. Siku ya kilio ya mama, batu bote baliuliza, Mwepu iko wapi? Nilibaonyesha chupa." Kisha akaielekeza kidole ile chupa nyingine, nzuri, iliyojaa. "Ile ya kwako, nani aliulizaka?"

Mimi ningeweza kumjibia Mwepu, kwa sababu ndiye niliyeitunza: hakuna. Miaka yote ile hakuna mtu aliyeniuliza ni ya nani wala inahusu nini. Ilikaa vizuri kwa sababu hakuna aliyeiona.

Mwepu alilia. Mwanamume mzima, tai shingoni. Aliomba msamaha wa mazishi, safari hii bila kutaja sababu za kazi, alisema tu kwamba hakwenda na alipaswa kwenda. Mzee akaketi. Akasogeza bilauri yake kwangu, nikawamiminia ule mvinyo uliokufa, kidogo kila mmoja, nikawaambia hautawadhuru ila wasitegemee raha. Wakanywa. Mzee akakunja uso wote, akaniuliza kwa upole kama kweli njo hii batu banalipiaka. Nikamwambia njo hii, ndiyo yenyewe, ikiwa imelala. Akacheka, na mdogo wake akacheka, na mimi nikaenda jikoni kwa sababu sikuwa na kazi tena pale mezani.

Jumamosi Mzee Kabange aliketi. Nilialikwa, nilikuwepo. Alipokea ujumbe wa posa kwa maneno marefu sana, na binti, ambaye amezaliwa huku na Kiswahili chao anakisikia nusunusu, alikuwa anamwuliza mama yake kila baada ya sentensi baba mkubwa amesema nini.

Chupa ya pili haikufunguliwa. Wiki iliyofuata Mwepu alikuja ghalani akasema anaichukua. Nikadhani anataka kuinywa na mkewe, nikaanza kumweleza aisimamishe kwanza siku mbili, asiimimine mapema. Akasema hainywi. Anaenda kuisimamisha sebuleni kwake.

Iliniuma, sisemi uongo. Mvinyo ule ulikuwa umefika pale unapotakiwa kufika, na mimi ndiye niliyeufikisha. Kila nilichofundishwa na Oom Hennie kilikuwa ndani ya chupa ile. Nikamwambia, "Utaiua, baba."

"Najua, Mama."

"Basi angalau iwe mbali na dirisha."

"Mbali na dirisha mgeni hataiona."

Nilichukua kitambaa, nikakilowesha, nikaifuta vumbi la miaka yote ile mpaka maandishi yakasomeka, nikampa.